Safari ya Lwiro: twende na watoto, twende na maswali



Majuma haya vikundi vyetu vinazungumza juu ya matembezi ya likizo kubwa. Kila mwaka mpango ni ule ule: kwenda kandokando ya ziwa, kupika, kupiga picha, kurudi. Ni vizuri, hatukatai. Lakini mwaka huu tunapendekeza mahali ambako watoto watarudi na kitu kichwani, na sisi wenyewe tutarudi na kazi ya kufanya nyumbani. Mahali hapo ni Lwiro, katika territoire ya Kabare, kilometa 45 hivi kaskazini mwa Bukavu.

Jina wengi tunalijua. Mmoja atasema, "Lwiro ni kwa sokomutu." Mwingine atasema, "Ni majumba ya Wabelgiji wa zamani." Mwingine atakumbuka mtoto wa jirani aliyetibiwa huko bwaki. Wote wanasema kweli. Lakini wachache kati yetu wameingia katika jumba lenyewe, kutazama kilichowekwa ndani, na kuuliza: mambo haya yanatuhusu nini sisi tunaopika kila siku kwa makala na kulea watoto kwenye vilima hivi?

Jumba lenyewe

Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha Institut pour la Recherche Scientifique en Afrique Centrale. Wazee walizoea kuiita IRSAC. Ilikuwa na vituo mahali mbalimbali: Uvira kwa kuchunguza ziwa Tanganyika, Mabali kule Equateur kwa msitu, Elisabethville ambayo leo ni Lubumbashi, na Astrida katika Rwanda kwa desturi na maisha ya watu. Makao makuu yaliwekwa Lwiro. Ndiyo maana mgeni anayefika mara ya kwanza anashangaa: katikati ya mashamba ya maharagi na migomba, anakuta majengo makubwa, bustani, korido ndefu, na maktaba ambayo miji mingi haina. Upande mmoja kuna milima ya Kahuzi, upande mwingine unashuka kuelekea ziwa Kivu.

Leo kazi inaendelea kwa jina la Centre de Recherche en Sciences Naturelles, yaani CRSN, na watafiti ni Wakongomani. Ndani kuna ndege, nyoka, wanyama wadogo, samaki na wadudu waliohifadhiwa ili watu wajifunze. Kuna pia majani na matawi yaliyokaushwa, yakabandikwa kwenye karatasi, kila moja na jina lake. Na kuna mashine za kusikiliza ardhi, kwa sababu sisi tunaishi mahali ambako ardhi inatikisika. Wanaokumbuka Siku ya Mungu ya tarehe 3 Februari 2008, namna nyumba na makanisa yalivyoanguka Bukavu na upande wa pili wa Ruzizi, hawahitaji kuelezwa kwa nini kazi hiyo ni ya maana.

Tuwaambie watoto ukweli wote juu ya jumba hili. Lilijengwa wakati wa ukoloni. Waliojua jina la kila mti na njia ya kila mnyama walikuwa watu wa vilima hivi na watu wa msitu, na kati yao Batwa. Walioandika walikuwa wengine, na waliandika kwa Kifaransa na Kilatini. Mwaka 1970 park ya Kahuzi-Biega iliundwa, na katika miaka iliyofuata Batwa walitolewa katika msitu wa babu zao. Hadi leo wengi wao hawana shamba. Mtoto anayetazama majani yaliyokaushwa ajue pia kwamba ujuzi ule ulikuwa na wenyewe.

Hatusemi hivyo ili tukasirikie jumba. Tunasema ili tuingie tukiwa na kichwa juu. Vilivyowekwa ndani vilitoka kwetu. Tuna haki ya kuvitazama, kuvielewa na kuvitumia.

Sokomutu ni yatima

Karibu na majumba ya CRSN kuna Centre de Réhabilitation des Primates de Lwiro. Ilianzishwa mwaka 2002 na CRSN pamoja na ICCN, ile ofisi ya serikali inayolinda park zetu. Humo mna zaidi ya sokomutu 100, na nyani na tumbili wa aina nyingi. Watoto watapenda hapo kuliko pengine pote, na ni lazima tujitayarishe kwa maswali yao.

Swali la kwanza litakuwa: "Mama, kwa nini wamefungwa?" Jibu ni kwamba wengi wao waliletwa wakiwa watoto yatima. Mama sokomutu hamwachi mtoto wake. Anambeba mgongoni na tumboni, na anamnyonyesha miaka minne au mitano. Kati ya mtoto mmoja na mwingine anakaa miaka mitano hivi, pengine zaidi. Kwa hiyo mtu anayetaka kumkamata mtoto mmoja ili amuuze, mara nyingi anamuua mama kwanza. Nyama inauzwa, mtoto anafungwa kamba, anatafutiwa mnunuzi. Wale wanaobahatika kukamatwa na wakubwa wa sheria wanafikishwa Lwiro. Katika inchi yetu sheria inakataza kabisa kumuua, kumuuza au kumfuga sokomutu.

Mama yeyote anaelewa hesabu hii bila kuambiwa na mtafiti. Mnyama anayezaa mara moja katika miaka mitano hawezi kujaza tena msitu haraka. Wakiuawa kumi leo, msitu utabaki na pengo ambalo wajukuu wetu wataliona.

Kuna kanuni moja ya kushika. Sokomutu anapata magonjwa yetu, na mafua madogo kwa mtoto wetu yanaweza kuwa kifo kwake. Mwenye kikohozi, homa au mafua siku hiyo abaki nyuma, hata kama amekwisha kulipa. Hatuwapi chakula, hatuwatupii kitu, hatuwapigii kelele.

Makala katika mbabula yetu

Sasa tufike kwenye neno ambalo linatugusa sote. Park ya Kahuzi-Biega ina kilometa za mraba 6,000 hivi. Tangu mwaka 1980 iko kwenye liste ya UNESCO ya mahali pa thamani kwa dunia yote, na tangu 1997 iko kwenye liste ya mahali penye hatari. Humo wanaishi gorila wa mashariki ya Kongo, ambao hawapatikani katika inchi nyingine yoyote. Na humo humo ndimo inamotoka sehemu ya makala tunayonunua.

Ili kupata kilo moja ya makala kwa tanuru la udongo, wachomaji wanatumia kilo tano hadi kumi za kuni. Gunia moja tunaloweka jikoni ni rundo kubwa la miti ambayo haipo tena. Hatusemi mama aache kupika. Umeme haufiki kwa wengi, na ukifika unakatika. Gazi ni ya bei. Mama anayechoma makala juu kule naye ana watoto wanaotaka kula na kusoma. Lakini tunajua kitu kinachotokea kilima kikibaki uchi. Mvua inashuka bila kizuizi, inachukua udongo mweusi wa shamba, chemchemi inakauka wakati wa kiangazi na kuchafuka wakati wa mvua.

Tarehe 4 Mei 2023, katika territoire ya Kalehe, mbele kidogo kwenye barabara ile ile inayopita karibu na Lwiro, maji na mawe yalishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko, na wengi waliokuwa sokoni walikuwa wamama kama sisi. Mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi, na hakuna mtu anayeweza kuizuia mvua. Lakini kilima chenye miti na kilima kisicho na miti havishuki namna moja. Hili ni jambo la kuuliza Lwiro: ni miti gani inashika udongo vizuri kwenye vilima vyetu? Ni miti gani inaweza kukaa katikati ya maharagi bila kuyaua? Mikaratusi inakua haraka, lakini inakunywa maji mengi na mazao hayapendi kukaa chini yake. Tutapanda wapi mikaratusi ya kuchoma, na wapi tupande miti mingine?

Bwaki na watoto wetu

Lwiro kuna pia hospitali ya watoto, ambayo kwa miaka mingi imetibu bwaki, ule ugonjwa ambao kwa kitabu unaitwa kwashiorkor. Jina hilo la kitabu lilitoka Ghana. Daktari mwanamke, Cicely Williams, aliliandika katika miaka ya 1930 baada ya kuwasikia wamama wa huko. Walikuwa wanasema ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja. Wamama ndio waliokuwa wamejua sababu kwanza.

Baadaye watafiti waliwatafuta watu wazima ambao walitibiwa Lwiro kwa utapiamlo mkali kati ya 1988 na 2007. Waliwalinganisha na wenzao wa vijiji vile vile ambao hawakuugua. Walikuta kwamba waliougua walisoma madarasa machache zaidi, walipata alama za chini kwenye majaribio ya akili, na walijiamini kidogo kuliko wenzao. Yaani mtoto anaweza kupona, akacheza, akanona, na bado njaa ya utoto ikamfuata hadi ukubwani.

Neno hili si la kumhukumu mama yeyote. Vita, kukimbia, shamba dogo, mihogo iliyougua, hayo hayakuletwa na mama. Lakini linatuonyesha kwamba yai moja, kikombe cha uji wa soya, sambaza chache zilizosagwa katika chakula cha mtoto, si vitu vidogo. Hata sambaza wenyewe hawakuwa wa ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio nyama ya mwenye mfuko mdogo. Simbilisi pia: anakula majani, anazaa haraka, mtoto wa miaka kumi anaweza kumtunza.

Hospitali si mahali pa kutembeza watu. Hatutapeleka watoto wetu kutazama watoto wagonjwa. Lakini tunaweza kuomba mganga mmoja atuzungumzie wamama nusu saa, na tunaweza kupeleka kitu: sabuni, soya, sambaza zilizokauka.

Namna ya kupanga

Jambo la kwanza ni usalama wa njia. Kabla ya kukusanya franka yoyote ya gari, wajumbe wawili waulize viongozi wa mtaa, madereva wa njia hiyo na watu wa Lwiro wenyewe. Waulize tena juma la safari, na tena usiku wa mwisho. Kama kuna mashaka, safari inaahirishwa bila mabishano. Lwiro imetungoja miaka mingi, inaweza kungoja mwezi mmoja tena.

Jambo la pili ni barua. CRSN na kituo cha sokomutu ni sehemu mbili, kwa hiyo ziandikwe barua mbili, kila moja na kashe ya chama. Zitaje hesabu ya wamama, hesabu ya watoto na miaka yao, siku tunayopendelea, na kwamba tunaomba mtu wa kutuelezea kwa Kiswahili au Mashi. Tusiogope kuomba hilo. Bei na masaa tuyapate kwa maandishi, ili asitokee mtu njiani wa kutudai zaidi.

Jambo la tatu ni pesa. Tunapendekeza sanduku la pekee, lisichanganywe na akiba ya AVEC wala na mfuko wa magonjwa. Wamama 25, kila mmoja franka 1,000 kwa juma, kwa majuma 12, ni franka 300,000. Ni mwanzo mzuri wa gari na kiingilio. Asiyeweza 1,000 alete 500 na kilo ya unga. Mjane na mama aliyekimbia vita wasiachwe nyuma kwa sababu ya franka. Mweka hazina asome hesabu mbele ya wote kila mkutano.

Jambo la nne ni wakati. Mwezi wa saba na wa nane ni kiangazi, barabara ni kavu na watoto hawako masomoni. Tuondoke saa kumi na mbili asubuhi. Njia inapita Mudaka, Miti na Kavumu, na siku za soko gari haliendi haraka. Saa tisa alasiri tuwe tumekwisha kupanda gari la kurudi. Wengine watataka siku hiyo hiyo kufika Tshivanga, kwenye mlango wa park, kwa sababu njia yake inaanzia Miti. Tunasema hapana. Ile ni safari nyingine, ina bei nyingine na inataka siku yake. Kuona vitu viwili vizuri kunashinda kukimbilia vitano.

Jambo la tano ni watoto. Wenye miaka saba na zaidi ndio watakaofaidika. Wadogo wanaonyonya watakuja mgongoni kama kawaida. Kila mama mmoja achunge watoto wanne, na majina yaandikwe kabla ya kupanda gari. Kila mtoto awe na kofia, sweta kwa sababu mvua ya milimani haina kalenda, chupa ya maji yaliyochemshwa, na daftari lenye kalamu. Chakula tupike usiku: mihogo, mayai, karanga, mandazi. Mifuko ya plastiki na takataka zote zirudi nasi. Itakuwa haya kubwa kwenda kujifunza kulinda mazingira na kuacha uchafu wetu kwenye bustani ya watu.

Kazi kabla na baada

Juma moja kabla, kila mtoto amwendee koko au bibi yake na amuulize majina ya majani matano ya dawa, kwa Mashi, Kihavu, Kitembo, Kirega au lugha yoyote ya nyumbani, na kazi ya kila jani. Kwa mfano mubirizi, yale majani machungu ambayo sote tumekunyweshwa. Tufike Lwiro na liste hiyo. Tuombe watuonyeshe majani hayo kwenye makaratasi yao, na watueleze yepi yamechunguzwa na yepi yana hatari kwa mtoto au kwa mama mwenye mimba. Hapo mtoto ataona kwamba koko wake na mtafiti wanazungumza juu ya kitu kimoja.

Sisi wamama nasi twende na maswali yetu yaliyoandikwa. Tumeanza na haya: Ni miti gani tupande kwenye kilima chetu, na mbegu tunapata wapi? Ni mbabula ya namna gani inapunguza makala, na inaweza kutengenezwa hapa hapa kwa udongo wetu? Ardhi ikitikisika usiku, tuwafundishe watoto kufanya nini? Maji ya chemchemi yetu yanaweza kupimwa wapi?

Na tukirudi, tusiishie kwenye picha za simu. Kila kikundi kichague jambo moja tu la kufanya katika miezi sita: kitalu cha miti 200, au mbabula bora katika nyumba kumi, au simbilisi wawili kwa kila mama mwenye mtoto chini ya miaka mitano. Mkutano wa mwezi wa pili tutaulizana limefika wapi.

Kwa mkutano unaokuja, basi, kila mama alete vitu viwili: jibu lake kama atakwenda na watoto wangapi, na swali moja ambalo angetaka kuuliza Lwiro. Asiyejua kuandika aliseme, katibu ataliandika kwa jina lake. Maswali yote yatawekwa katika barua ya kuomba ruhusa, ili wajue mapema kwamba wanaokuja ni wamama wenye kutaka kujua.